Mie Sina Uso?

Mwalimu Shaame alisimamisha picha katikati ya mguu.
"Haya," akasema. "Nani huyu?"
Darasa kimya. Feni ya Chake inazunguka
kama nayo inatafuta jibu.
Mguu, furungu, ngazi ya marumaru.
"Hamumjui,
kwa sababu kamera haijataka mumjue."

Filamu yenyewe tunaijua sote,
ya ndugu mapacha waliopotezana sokoni.
Tuliitazama utotoni kwenye banda la Faki Mchenga,
shilingi mia, mchanga chini,
mfasiri akipiga kelele juu ya sauti ya Mhindi,
tukalia palepale walipotaka tulie.
Leo tunaambiwa tuihesabu.
Kombo anahesabu makofi.
Mimi nahesabu vipande vya mwanamke:
kiuno mara tisa, midomo mara sita,
uso mzima, dakika ya arobaini na moja.
Nikaandika daftarini kwa wino mwekundu:
*Amekatwakatwa kama samaki wa mnada.*
Nikapata tisa juu ya kumi. Nikavimba kichwa.

Nadharia ni miwani ya kuazima.
Ukiivaa mara ya kwanza unajikwaa,
ya pili unaona makosa ya wenzio.
Ya tatu
nilikuwa sijafika.

Somo jengine: hadithi huanza na utulivu,
huja mvurugiko,
hurudi utulivu ambao si ule.
Mize akauliza, "Na kama utulivu haukuwepo tangu mwanzo?"
Mwalimu akafuta ubao taratibu.
Siku ile hakujibu.

Tukapewa kamera moja watu wanne,
betri mbili, moja ina homa,
tukapanda Wete, Jadida, uani kwa Bi Riziki binti Hamad,
jamvi la karafuu limetandazwa juani.
Tukapanga kila kitu kama tulivyofunzwa.
Mzani wenye kutu nyuma yake, ishara ya bei.
Kanga nyekundu, ishara ya hasira, alisema Kombo.
"Nyekundu," alisema Bi Riziki, "ndiyo iliyokauka."

Nikasogea. Nikamchukua vidole,
kucha zenye weusi wa makonyo,
kisigino, mshipa wa shingo, vidole tena.
Picha nzuri, jamani, nzuri mno.
Saa nzima hivyo.
Ndipo akaacha kuchambua.
"Mwanangu, mie sina uso?"

Wino mwekundu ulinipanda
kutoka daftarini mpaka masikioni.

Natafuta neno la kumjibu,
tone, tone la pili,
mvua ya Pemba haipigi hodi.
"Anueni!"
Nadharia zote zikatimka mbio na ndoo.
Mize kashika pembe ya jamvi, Kombo kapoteza kiatu,
mimi navuta, Bi Riziki anayatukana mawingu
kama watu anaowajua na deni lao.
Hakuna aliyekumbuka kuizima kamera.
Ilibaki chini ya upenu juu ya miguu yake mitatu,
ikitazama bila kuambiwa itazame nini.

Dakika tatu na ushei.
Fremu imepinda, nusu yake ukuta.
Kisogo. Ndoo. Kisogo.
Kisha anarudi peke yake kuokota zilizosalia,
anainua kichwa, anaiona,
anaisogelea mpaka uso wake unajaza kioo chote,
umelowa,
na yeye ndiye anayetutazama. Muda mrefu.
Anasema kitu. Mabati yanameza.

Darasani Mwalimu akasimamisha picha hapo.
"Haya. Nani huyu?"
Kombo akasema shujaa.
Wa nyuma akasema ishara ya uchumi wa zao moja.
Mize akasema, "Mvua haikuvuruga kitu.
Mvua ilimkuta kazini."
Mimi nilitaja jina lake, na la babake, nikakaa.

Karafuu pishi mbili ziliharibika siku ile.
Hilo halimo katika filamu.
Naliandika hapa, kwa wino ule ule.